Maswali ya Wasomaji: Taa ya Kukagulia Sarafu

SWALI: Ndugu mhariri, nina sarafu ya fedha ambayo chini ya taa ya tyubu ya darini inaonekana mpya kabisa, kama haijawahi kuingia mfukoni mwa mtu. Mwenzangu aliiweka chini ya taa yake ya mezani, akaniambia imesuguliwa. Nilipochungulia na mimi nikaona kweli imejaa mistari myembamba. Je, taa yake inazidisha au yangu inaficha?

JIBU: Yako inaficha. Mkwaruzo hauonekani kwa kuwa una rangi yake. Unaonekana kwa sababu kuta zake zinarudisha mwanga upande mwingine kuliko uwanja wa sarafu, yaani sehemu bapa isiyo na picha wala herufi, unaouzunguka. Mwanga ukitoka mahali pamoja padogo, kuna pembe ambapo mkwaruzo unameta na uwanja umebaki giza, hapo unaukamata. Tyubu ndefu, au taa bapa ya darini, inamwaga mwanga kutoka eneo pana. Kila ukuta wa mkwaruzo unapata sehemu yake ya mwanga, na uwanja nao unapata wake, basi tofauti inafutika na sarafu inatokea laini kuliko ilivyo.

Mng'ao nao unapotea kwa njia hiyo hiyo. Sarafu inapogongwa kiwandani kwa mhuri, yaani chuma kilichochongwa picha yake, metali husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na juu yake hubaki michirizi midogo mno iliyotawanyika kama miali ya jua. Chini ya taa ya nukta moja, ukiizungusha sarafu polepole, utaona mikanda ya mwanga ikizunguka mfano wa spoku za gurudumu. Sarafu iliyosuguliwa kwa dawa au kitambaa haifanyi hivyo, kwa sababu michirizi ile imesagwa. Inang'aa, tena huenda ikang'aa sana, ila mwanga umekaa palepale hauzunguki. Ikiwa ilipigwa kwa brashi ya waya ili iigize upya, utaona mistari mingi inayokwenda sambamba, hata kuvuka juu ya herufi na kuishia kwenye kingo zake.

SWALI: Vitabu vya zamani vinasema balbu ya wati 75 au 100. Siku hizi balbu zile za nyuzi ni adimu. Ninunue nini?

JIBU: Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha mwanga unaotoka, kwa hiyo soma lumeni kwenye boksi. Balbu ya nyuzi ya wati 60 hutoa kama lumeni 800, ya wati 75 kama 1100, ya wati 100 kama 1600. Balbu ya LED ya lumeni 800 hadi 1100, ikiwa karibu na sarafu, inatosha watu wengi. Lumeni 1600 zinasaidia kwenye sarafu nyeusi au iliyofunikwa na utando mzito, lakini kwenye fedha nyeupe mwako wake unaweza kuchosha macho hata ukakosa kuona mkwaruzo mdogo.

Kabla ya lumeni, tazama umbo la chanzo cha mwanga. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Taa nyingi za mezani za LED zina safu ya vijitaa ishirini au zaidi chini ya plastiki nyeupe. Hiyo ni tyubu iliyofupishwa tu. Zile zisizo na kifuniko ni mbaya kwa namna nyingine, kwani kila kijitaa kinaleta mwako wake na kivuli chake, nawe unabaki kuhesabu nukta badala ya kuangalia sarafu. Chukua taa ya kawaida yenye kofia na soketi moja, utie balbu moja. Yenye kioo angavu inatoa mwanga mkali kuliko yenye kioo cha maziwa, ingawa ya maziwa nayo inafaa ukaguzi wa kila siku.

Halojeni ndogo tunaipendekeza hasa kwa prufu, yaani sarafu zilizogongwa maalumu kwa wakusanyaji, ambazo uwanja wake ni kama kioo. Mistari iliyoachwa na kitambaa kwenye kioo hicho hukwepa taa dhaifu, na huonekana mara moja chini ya halojeni. Usiishike balbu hiyo kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hufanya kioo chake kipate joto kupita kiasi mahali pamoja na kupasuka.

Kuhusu rangi, boksi litakuambia kelvini. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano kama wa balbu ya nyuzi, 5000 ni karibu na mchana. Kwa mikwaruzo na mng'ao, ya manjano inafaa na haichoshi. Kwa shaba ni hatari. Daraja la sarafu ya shaba, yaani kipimo cha hali yake, huambatana na rangi yake, nyekundu, nyekundu-kahawia au kahawia, na tofauti hiyo hubadilisha thamani sana. Mwanga wa manjano huipendelea shaba, ukaionyesha nyekundu hata ile iliyokwisha kuwa kahawia. Kwa hiyo kagua uso kwa balbu ya 2700, kisha hukumu rangi kwa balbu ya 5000 au kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Tafuta pia herufi CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kama zilivyo, zenye namba 90 au zaidi. Chini ya 80, rangi nyekundu hufifia, na utando wa samawati na zambarau kwenye fedha ya zamani hukosa uhai.

Jambo la mwisho kwenye balbu: elekeza kamera ya simu kwenye taa iliyowashwa. Ukiona mikanda myeusi ikitembea kwenye kioo cha simu, taa hiyo inapepesa. Dakika ishirini za kukagua chini yake zinaweza kukuumiza kichwa.

SWALI: Taa ninayo. Niiweke vipi na sarafu niishike vipi?

JIBU: Zima taa nyingine zote na ufunge pazia. Hata taa moja ya darini ikibaki inawaka, inajaza mwanga kwenye vivuli ulivyokuwa unavitafuta. Weka taa ili balbu iwe kati ya sentimita 30 na 45 kutoka kwenye sarafu, na kofia ishuke chini ya usawa wa macho yako ili usiione balbu yenyewe. Tandaza kitambaa laini kilichokunjwa mara mbili au tatu, sarafu ikiponyoka iangukie hapo. Ishike ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, usiguse nyuso.

Anza kwa macho matupu, bila lenzi. Inamisha sarafu mpaka mwako wa taa utue juu yake, kisha uinyanyue kidogo mpaka mwako uondoke, urudie. Mikwaruzo inajitokeza hasa kwenye mpaka huo wa kuingia na kutoka kwa mwako. Baada ya hapo izungushe duara zima, kwa sababu mistari inayokwenda upande mmoja na miali ya taa haionekani mpaka uigeuze robo. Fanya hivyo upande wa pili pia, halafu ukingo. Ukingo husahaulika, na huko ndiko alama za kuondolewa kwenye pete au mkufu zinakojificha.

Lenzi ya kukuza mara 5 inatosha kutoa daraja. Ya mara 10 ni ya kuchunguza kasoro za mhuri, tarehe iliyogongwa juu ya nyingine, au herufi ya kiwanda iliyobandikwa. Ukikagua daraja kwa mara 10 kila sarafu itaonekana mbovu, utaishusha isivyostahili.

SWALI: Nywele za sura kwenye sarafu yangu hazionekani vizuri. Nitajuaje kama imechakaa au iligongwa kwa nguvu ndogo?

JIBU: Swali hili linastahili taa nzuri kuliko yote. Kwenye kipimo cha 1 hadi 70, ambacho William Sheldon alikitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kale za Marekani na baadaye kikatumika kwa sarafu nyingine, mpaka wa sarafu isiyotumika ni 60. Kati ya 58 na 60 macho mengi hupotea.

Peleka ule mkanda wa mwanga upite juu ya sehemu iliyoinuka zaidi, yaani shavu, nywele juu ya sikio, kifua cha ndege. Mkanda ukipita bila kukatika, metali pale ina michirizi yake, basi kasoro ni ya kugonga. Ukikatika na kuacha doa la kijivu kwenye fedha, au la kahawia iliyofifia kwenye shaba, hapo pamesuguliwa na mikono. Linganisha na maandishi ya pembeni: sarafu iliyogongwa vibaya katikati mara nyingi ina herufi kali ukingoni na mng'ao mzima uwanjani.

SWALI: Sarafu iliyo ndani ya kasha la plastiki inaakisi taa mpaka sioni kitu.

JIBU: Inamisha kasha nyuzi chache, mwako wa plastiki utahamia pembeni huku wa sarafu ukibaki. Ukiona mstari na hujui uko wapi, tikisa kichwa kushoto na kulia. Mkwaruzo wa plastiki utahama juu ya picha ya sarafu, wa sarafu hautahama. Futa kasha kwanza. Alama za vidole hueneza mwanga kama ukungu.

SWALI: Je, taa ya duara inayofungwa kwenye hadubini, na ile ya urujuanimno (UV), zina kazi?

JIBU: Ya duara inamulika pande zote, inafaa kusoma tarehe, haifai kutoa daraja. Ukitaka kujua kama herufi zimerudufika kwenye mhuri au ni mtikisiko wa mashine tu, izime, umulike kwa tochi ndogo kutoka ubavuni, karibu sawa na meza. Mtikisiko huonyesha ngazi bapa inayong'aa, chini kuliko herufi yenyewe. Mrudufiko wa kweli una mwili wa mviringo na mpasuko kwenye ncha za herufi.

Ya urujuanimno, ya nanomita 365, husaidia kufichua vanishi, gundi na baadhi ya vijazio vilivyopakwa kuziba mikwaruzo, kwani vingi huwaka vikimulikwa nayo gizani. Si vyote vinavyowaka, kwa hiyo sarafu iliyobaki nyeusi bado irudishwe chini ya balbu ya kawaida. Usiielekeze taa hiyo machoni.