Gauti: kabila mnaliuliza sana, figo hamziulizi

*Nasikia gauti ni ugonjwa wa Wazungu na Wahindi wenye hela. Mimi Msukuma mkulima, naweza kuupata? (Igoma)*

Unaweza. Gauti ni kiungo kuvimba na kuuma kwa sababu asidi ya yuriki, taka ya mwilini inayotolewa na figo, imezidi na kuganda kuwa fuwele kiungoni. Swali hili halikauki. Wanaoongoza duniani si Wazungu bali Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki walioko New Zealand, pamoja na wenyeji asilia wa Taiwan. Wengi wamerithi jeni, maarufu zikiwa ABCG2 na SLC2A9, zinazofanya figo na utumbo vitoe asidi ya yuriki kwa shida. Marekani nako weusi wanaugua kuliko weupe, lakini ukishahesabu unene, umaskini, lishe na figo mbovu, pengo hilo linapungua sana. Vitabu vya zamani viliandika kuwa gauti ni nadra kwa Mwafrika. Mwafrika yule alikuwa mwembamba, hamezi vidonge vya presha, na nani alimpima damu?

*Baba Mkurya ana gauti, mama Mkerewe hana. Nitafuata kabila la nani?*

Hatari inatoka kwa baba yako, si kwa Wakurya. Pima presha na kreatinini (kipimo cha damu cha figo), angalia uzito.

*Daktari, niache dagaa? (Kirumba)*

Dagaa tunamla mzima, kichwa na matumbo, ndiyo maana ana purini nyingi, ambazo mwili huzigeuza kuwa asidi ya yuriki. Mwenye gauti ampunguze, pamoja na maini, figo na firigisi. Maharage na choroko endelea navyo. Ila wapo wanaomkimbia dagaa huku mezani kuna bia nne. Bia inakupiga mara mbili: ina purini zake, na pombe inazuia figo kutoa asidi. Soda yenye sukari nayo inapandisha. Na hata ukijinyima vipi, chakula peke yake hushusha asidi hiyo kwa kama mikromoli 60 kwa lita tu. Mwenye 540 hafiki lengo la 360 kwa kuacha dagaa.

*Majibu yangu ya asidi ya yuriki ni 8, ya jirani 480. Nani ana hali mbaya?*

Mko sawa. Yako ni miligramu kwa desilita, yake mikromoli kwa lita. Zidisha 8 kwa 60. Mnaotuma namba andikeni kipimo, mimi si mpiga ramli. Lengo la mwenye gauti ni chini ya 6, yaani 360. Namba kubwa bila kiungo kuwahi kuvimba si gauti, na kwa kawaida haihitaji dawa. Aliyepima siku kidole gumba cha mguu kinawaka anaweza kukuta namba ya kawaida. Arudie wiki 2 hadi 4 baada ya maumivu kuisha.

*Nilianza alopurinoli, mguu ukazidi kuvimba. Nimeacha, nachoma sindano za diklofenaki. (Buzuruga)*

Hapo ndipo mnapoharibu. Alopurinoli ni dawa ya kushusha asidi ya yuriki. Asidi ikianza kushuka, fuwele zilizolala kwenye kiungo hutikisika na kidole kinawaka upya. Kwa hiyo dawa huanzwa kwa miligramu 100 kwa siku, au 50 kama figo ni dhaifu, kisha inapandishwa kila wiki 2 hadi 5 mpaka ufike chini ya 360. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo unakingwa kwa kolkisini, dawa ya kuzuia kiungo kuwaka, miligramu 0.5 mara moja au mbili kwa siku. Ukianzishiwa 300 siku ya kwanza bila kinga, moto huo ulikuwa njiani. Na sindano za maumivu kama diklofenaki, zikipigwa mfululizo, zinaua figo zile zile unazozitegemea.

Asili ya mtu ina maana hapa kuliko kwenye dagaa. Jeni ya HLA-B*58:01, iliyo nyingi kwa Wachina wa Han, Wakorea na Wathai, na ipo pia kwa Wamarekani weusi, inaweza kufanya alopurinoli ibabue ngozi vibaya, hasa wiki za mwanzo. Ukiona upele, homa au vidonda mdomoni, acha kidonge siku hiyo hiyo, nenda hospitali na paketi mkononi.

*Niko mwezi wa pili wa dawa za TB, viungo vinauma.*

Pirazinamidi, mojawapo ya dawa za TB, hupandisha asidi ya yuriki. Usiache dozi, waambie kliniki. Kwa kawaida dawa hiyo hutolewa miezi 2 ya mwanzo tu. Wenye presha nao wasome paketi: haidroklorothiazidi na furosemidi hupandisha, losatani hushusha. Wa kubadilisha dawa ni daktari, si muuza duka.

*Mwanangu wa miaka 6 ana selimundu, vidole vinamuuma. Ni gauti?*

Hapana mama, ni selimundu yenyewe. Gauti huja kwa baadhi yao ukubwani, figo zikichoka. Ila kiungo kimoja kikivimba, ana homa na hataki hata shuka limguse, mpeleke leo. Huenda ni usaha ndani ya kiungo.