Maswali ya Wasomaji: Pipa Lisilojazwa la Jura

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa zabibu hapa Dodoma, na siku zote tumefundishwa kwamba pipa la mvinyo sharti lijazwe hadi mdomoni, kwani hewa ikiingia mvinyo hugeuka siki. Nasikia kwamba katika milima ya Jura, mashariki mwa Ufaransa, huliacha pipa lipungue kwa zaidi ya miaka sita. Inawezekanaje?

JIBU: Ulichofundishwa ni sahihi, na hata wakulima wa Jura hufanya hivyo kwa mvinyo wao mwekundu. Unaoachwa upungue ni mvinyo wa manjano, unaotokana na zabibu za aina moja tu, Savagnin, zinazochumwa zikiwa zimeiva sana. Ukiisha kuchacha hutiwa katika mapipa ya mwaloni, na kadiri unavyopotea kwa mvuke, hakuna anayeongeza hata tone. Juu yake hamira hutanda utando mwembamba ambao wenyeji huuita pazia. Hamira hiyo iliyo hai huitumia oksijeni kabla bakteria wa siki hawajaifaidi, na kutokana na kazi yake mvinyo hupata ladha ya jozi na viungo. Si kila pipa hufaulu, kwa hiyo kila moja huonjwa na kupimwa peke yake. Sheria hairuhusu kuutia chupani kabla ya tarehe 15 Desemba ya mwaka wa sita baada ya mavuno, na chupa yake, clavelin, ni ya sentilita 62, ambazo husemwa ndizo zinazobaki katika kila lita.

Mwanasayansi Louis Pasteur, aliyekulia Arbois katika eneo hilohilo, alichunguza huko magonjwa ya mvinyo katika miaka ya 1860, na mwaka 1874 akanunua shamba la mizabibu karibu na mji huo.

Kinachonigusa zaidi ni kijiji cha Château-Chalon, ambako mashamba hukaguliwa kabla ya mavuno. Katika miaka ya 1974, 1980, 1984 na 2001 zabibu hazikufikia kiwango, na wakulima wakakubali kutouza mvinyo wowote kwa jina la kijiji chao. Uamuzi huo ni mzito katika eneo ambalo mizabibu yake, iliyofikia karibu hekta 20,000 katika karne ya 19 kabla ya kushambuliwa na filoksera, mdudu anayeharibu mizizi ya mizabibu, leo imebaki takriban hekta 2,000.

Pipa lako, ndugu, endelea kulijaza. Pazia la Jura hutegemea ukali wa zabibu za Savagnin, na pia maghala ambayo baridi na joto hupokezana ndani yake mwaka mzima.