Mwanangu anasema huo mpango wa Mungu haoni, nimwambie nini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi. Kijana wangu ana miaka 17, matokeo ya fom foo yalivotoka akapata ziro, tangu hapo kanisani haendi anashinda kijiweni na bodaboda, nikimwambia Mungu ana mpango na wewe ananijibu huo mpango mbona siuoni mama. Alafu mdogo wake wa miaka 8 tangu bibi yake afariki kila usiku ananiuliza, tuliomba sana mbona bibi kafa? Nimeishiwa maneno. (Mama G.)

JIBU: Ameni mama G., na pole sana, pole ya msiba na pole ya kijana.

Nianze na huyo mkubwa. Huo "mpango" tunaowaambia watoto wetu unatoka Yeremia 29:11, upo kwenye kalenda, upo kwenye vioo vya daladala, upo kwenye stetasi za wosap, ila barua yenyewe yote ni wachache wanaisoma. Walioandikiwa walikuwa wamehamishwa kwa nguvu wakapelekwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia miaka 70, yan watu wazima waliosomewa ile barua walijua kabisa kurudi kwao hawatakuona. Na mstari wa 5 unawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake. Kwaiyo hawakuahidiwa kwamba wiki ijayo mambo yatakaa sawa, waliambiwa Mungu hajawaacha hukohuko waliko na leo kuna kazi ya kufanya. Kijana aliyefeli hilo anaweza kulishika, lakini "usijali Mungu ana mpango" peke yake anaisikia kama unamnyamazisha.

Ila usianze na Yeremia. Anza kwa kumsikiliza, na hapa nakuomba usome Luka 24, wale wawili wa njia ya Emau. Yesu amefufuka, habari njema anayo yeye mwenyewe, lakini anatembea nao na anawauliza mnazungumza nini, wanasimama nyuso zimekunjamana, anauliza tena, mambo gani? Anawaacha waseme mpaka lile neno zito, "tulikuwa tukitumaini", ndo baadae anawafungulia maandiko. Mwanao naye alikuwa akitumaini, na sidhani kama kuna mtu kamuacha alimalize hilo neno, maana najua ukoo zetu, matokeo yakitoka baba mdogo anapiga simu, shangazi anapiga simu, kila mtu ana hotuba.

Usimuite sebuleni kwenye kikao. Siku ukipika mtori mwambie akusaidie kumenya ndizi mshare, mkae wawili tu jikoni, mikono ina utomvu macho yapo kwenye kisu, muulize siku ile matokeo yametoka ilikuaje, alafu nyamaza. Akisema amemkasirikia Mungu usimkemee, Zaburi zimejaa watu wanaomwambia Mungu hivohivo. Ya shule yaje siku nyingine, kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea inawezekana, mafunzo ya ufundi ya VETA yapo, na hata hao wa bodaboda wengine ni vijana wa maana tu wanatafuta ridhiki.

Jambo moja silifichi. Akianza kusema hana haja ya kuishi, au hataki kula, usiku halali, anagawa vitu vyake, hapo maombi yaende pamoja na hospitali, mpeleke Mawenzi au KCMC siku hiyohiyo. Na namba 116 ya kuwasaidia watoto ni bure, mpigie hata wewe mzazi. Kumpeleka kwa daktari sio kupungukiwa imani.

Sasa huyo mdogo. Tafadhali asiambiwe "Mungu alimpenda bibi zaidi akamchukua", mtoto wa miaka 8 anaenda kulala anawaza nani anafuata. Mwambie ukweli, bibi aliumwa, mwili ukashindwa, tuliomba na Mungu alitusikia, kwanini hakupona hata mama hajui. Mwambie Yesu alilia akielekea kwenye kaburi la Lazaro, na alilia akijua anaenda kumfufua, kwaiyo kulia sio dhambi na we mwenyewe mama lia mbele yake. Alafu mwambie tunachoamini, Yesu amefufuka na bibi naye atafufuliwa. Mkienda nyumbani migombani msimuache ndani na wadogo, aende nanyi kaburini, apalilie, apande hata isale moja, ule mmea wetu wa Uchagani, kwa mkono wake, na aseme anachotaka kumwambia Mungu pale.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mi nafundisha kipaimara Ngarenaro, Arusha. Tukifika somo la tumaini vijana wananijibu majibu ya kukariri tu. (J.)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wape Zaburi ya 13, ni fupi, mistari 6, na "hata lini" imo mara 4. Wasomee, alafu kila mmoja aandike "hata lini" yake kwenye karatasi bila jina. Mwambie asiyetaka kusomwa aikunje aweke mfukoni, na usijaribu kutambua miandiko. Zaburi 13 inaishia kwa kuimba, lakini 88 inaishia gizani kabisa na bado ni maombi na bado imo kwenye Biblia, wasomee na hiyo, maana kuna mtoto humo darasani nyumbani kwao pamechafuka na hawezi kuimba bado. Usimlazimishe. Mstari wa kukariri utawapa wiki inayofuata, na ukikuta karatasi ina jambo la mtoto kupigwa au kuchezewa usilimalize peke yako, mwone mchungaji na ustawi wa jamii, na hiyo 116 ibandike ukutani darasani.