Farao alikuwa na hiari au hakuwa nayo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kiongozi wa vijana katika usharika wetu wa Kilutheri. Kazini nina mwenzangu aliyelelewa kanisani, kisha akaacha imani. Juzi alinibana hivi: Biblia inasema Mungu aliufanya mgumu moyo wa Farao, mfalme wa Misri aliyekataa kuwaachia Waisraeli, halafu akampiga kwa sababu ya ugumu huohuo. Kwa hiyo Farao hakuwa na hiari, Mungu huyo ni dhalimu, na kwa kuwa Mungu dhalimu hawezi kuwa Mungu, basi Mungu hayupo. Nilimjibu kwamba Farao ndiye aliyeanza kujifanya mgumu. Akanifungulia Kutoka 4:21, ambapo Mungu anasema mapema kwamba ataufanya mgumu moyo wa Farao, nikakosa la kusema. Akamalizia na sheria: mwana mkaidi apigwe mawe, nguruwe asiliwe, mbona ninyi mnakula kitimoto? Naomba jibu ambalo halikwepi.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako amefungua kitabu kabla ya kubishana, na mtu wa namna hiyo anastahili kujibiwa kwa kitabu.

Jibu ulilompa ndilo linalotolewa kwenye semina nyingi za vijana. Lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba ukifuata mapigo kwa mpangilio, mwanzoni Mungu hatajwi kuwa ndiye anayeugusa moyo wa Farao. Baada ya vyura, Farao aliona amepata nafuu, akaufanya moyo wake kuwa mzito (Kutoka 8:15). Baada ya mainzi akafanya tena hivyohivyo (8:32). Ni kwenye pigo la sita, la majipu, ndipo msimulizi anasema kwa mara ya kwanza kwamba BWANA ndiye aliyeufanya moyo wake kuwa mgumu (9:12). Hapo ndipo wengi hufunga Biblia na kusema, “Umeona?”

Lakini 4:21 na 7:3 zipo, na zinatangulia mapigo yote. Kabla Musa hajakanyaga ikulu, Mungu alikwisha kumwambia atakachofanya. Anayetaka kumtetea Mungu kwa hoja ya nani alianza ameshindwa kabla hajasimama. Nakushauri usiiache hoja hiyo isimame peke yake, kwa sababu mtu makini ataiangusha kama mwenzako alivyoiangusha.

Sasa tazama jambo ambalo ninyi wawili mmelipita. Mvua ya mawe ilipokoma, Farao alizidi kukosa, akaufanya moyo wake kuwa mzito, yeye na watumishi wake. Hiyo ni 9:34. Sura ya kumi inafunguka na Mungu anamwambia Musa kwamba Yeye ndiye aliyeufanya mzito moyo wa Farao na mioyo ya watumishi wake. Tukio ni moja, mioyo ni ileile, na kati ya kauli hizo mbili hakuna hata nukta ya maelezo. Mwandishi haoni haya wala haombi radhi. Kwake si kwamba Mungu alifanya sehemu na Farao akafanya iliyobaki. Tendo lote ni la Farao, na tendo lote limo mkononi mwa Mungu. Mwenzako anadhani amegundua ufa ambao kanisa limeuficha, kumbe mwandishi mwenyewe ameuweka mezani, mstari juu ya mstari.

Je, mtu huyo bado ana hiari? Inategemea unaliuliza neno hilo lifanye kazi gani. Wanafalsafa wanatofautisha uhuru wa aina mbili. Wa kwanza ni uwezo wa kuchagua kinyume: mambo yote yakiwa vilevile, ningeweza kutenda vingine. Wa pili ni uhuru wa kutenda ulitakalo: nimefanya hili kwa kuwa nimelitaka, hakuna aliyenishika mkono. Hoja ya mwenzako ina nguvu dhidi ya ule wa kwanza. Dhidi ya wa pili haina, na simulizi la Kutoka linajishughulisha zaidi na huo wa pili.

Msome Farao anavyojadiliana. Mara ya kwanza anauliza BWANA ni nani hata aisikilize sauti yake (5:2). Baadaye anasema, haya, toeni sadaka, lakini humuhumu nchini. Kisha: nendeni, ila msiende mbali. Kisha: waende wanaume peke yao. Kisha: nendeni na watoto, mifugo ibaki. Hiyo ni lugha ya mwajiri anayeogopa kupoteza vibarua. Anapima, anapunguza, anarudi nyuma. Mwanasesere havuti bei. Na sura ya 14 inafunua kiini chake. Katika mstari wa 4 Mungu anasema ataufanya mgumu moyo wa Farao. Katika mstari wa 5 tunapewa sababu ya kawaida kabisa: Farao na watumishi wake wanashtuka na kusema, tumefanya nini kuwaachia Israeli wasitutumikie tena? Mstari wa 8 unarudia kwamba BWANA aliufanya mgumu. Ukiniuliza ugumu huo ulipitia wapi, nitakuonyesha mstari wa 5. Ulipitia kwenye tamaa yake mwenyewe ya kutumikiwa bure. Hakutiwa tamaa ngeni. Aliachiwa ile aliyoipenda, ikamfikisha baharini.

Tena angalia watumishi. Kabla ya mvua ya mawe, wale miongoni mwao walioogopa neno la BWANA waliwaingiza watumwa na wanyama wao ndani (9:20). Mioyo ya watumishi inatajwa kuwa mizito katika 10:1, lakini mistari sita baadaye wanamsihi Farao awaachie watu, wakimuuliza kama hajajua bado kwamba Misri imeharibika. Moyo uliofanywa mzito bado unafikiri na bado unaweza kuogopa. Hata makuhani wa Wafilisti, karne kadhaa baadaye, walipokisimulia kisa hicho walisema Wamisri na Farao ndio walioifanya migumu mioyo yao (1 Samweli 6:6). Hakuna aliyesema maskini Farao hakuwa na la kufanya.

Kwa kuwa wewe ni Mlutheri, fahamu kwamba swali lako lina historia nyumbani kwenu. Mwaka 1524 Erasmus, mwanazuoni wa Kikatoliki, aliandika kitabu cha kutetea hiari ya mwanadamu, na Farao alikuwa mmoja wa mifano iliyomsumbua. Akifuata njia ya Origen, mwalimu wa kanisa la kale, alisema Mungu alimvumilia Farao, na uvumilivu huo ndio uliomzoesha ukaidi. Luther alimjibu mwishoni mwa 1525, tena kwa ukali. Kwa Luther, Mungu huviendesha viumbe vyote bila kukoma, wabaya wakiwemo. Anayempanda farasi kilema ataona mwendo wa kuchechemea, na kilema ni cha farasi. Mimi naona Luther alimsoma Paulo wa Warumi 9 kwa uaminifu kuliko Erasmus. Paulo alipoulizwa swali hilihili, mbona basi Mungu angali akilaumu, hakumkumbusha mwulizaji kwamba Farao alianza. Alimrudisha kwa mfinyanzi na udongo. Ni jibu gumu, na sitalilainisha.

Hata hivyo Walutheri hawakuishia kwa Luther. Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 18, linampa mwanadamu uhuru kiasi katika mambo ya maisha haya: kuoa, kufanya kazi, kuepuka wizi. Linamnyima uwezo wa kumgeukia Mungu bila Roho Mtakatifu. Kifungu cha 19 kinasema chanzo cha dhambi ni utashi wa waovu. Na Mapatano ya 1577, hati yao nyingine ya imani, yanasema wazi kwamba Farao hakuangamia kwa sababu Mungu hakumtakia wokovu. Ugumu wake ulikuwa adhabu ya dhambi zilizotangulia. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alikuwa amesema jambo la karibu na hilo: mtu anaweza kukosa mpaka adhabu yake ikawa kunyimwa nafasi ya kutubu.

Hapa nakuonya kidogo. Vijana wengi wa makanisa yetu wakiulizwa kwa nini kuna uovu, hujibu kwamba Mungu ametupa hiari. Hoja hiyo aliitengeneza kitaalamu mwanafalsafa Alvin Plantinga, akaichapisha mwaka 1974, akijibu changamoto kama ile ya 1955 ya mwanafalsafa John Mackie, aliyedai kwamba uovu na Mungu mwema mwenye uwezo wote haviwezi kuwepo pamoja. Ni hoja nzuri. Lakini inategemea uhuru wa aina ya kwanza, ule wa kuchagua kinyume. Huwezi kuitumia Jumatatu kumwokoa Mungu na swali la uovu, kisha Jumanne ukasimama na Luther juu ya Farao, kwa sababu Luther amekwisha kukunyang’anya uhuru huo. Ndugu zetu Wamethodisti na Wapentekoste wengi wana nafasi kubwa zaidi hapo. Nao wana kazi yao na 4:21. Chagua mlango wako na ujue unakuingiza wapi.

Kuhusu kuwepo kwa Mungu nitasema machache. Kutoka “Mungu huyu ni dhalimu” mpaka “Mungu hayupo” kuna mruko. Ukithibitisha mtawala ni mbaya hujathibitisha kwamba kiti ki wazi. Mwenzako anaweza kuinyoosha hoja yake hivi: Mungu wa Kikristo ni mwenye haki kamili, mwenye haki kamili hamwadhibu asiyeweza kutenda vingine, Biblia inasema alimwadhibu, basi Mungu kama alivyoelezwa na Wakristo hawezi kuwepo. Hapo hoja imesimama, na ugomvi wote unahamia kwenye sentensi ya pili. Mlevi aliyegonga mtu hakuweza kushika breki kwa wakati, na bado mahakama inamhukumu kwa sababu ya namna alivyofika pale. Hilo peke yake linaonyesha kwamba sentensi ya pili haijitegemei. Na hata ikisimama, mwenzako atakuwa amegusa maelezo ya Wakristo juu ya Mungu, huku swali la kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu likibaki pale lilipokuwa.

Twende kwenye kitimoto. Jibu la haraka ni kwamba sheria zimegawanyika katika tatu: za maadili, za ibada na za mahakama. Mwanateolojia Thomas Aquinas alizipanga hivyo, na Waanglikana wanaufuata mgawanyo wa karibu na huo katika kifungu cha 7 cha vifungu vyao 39. Unafaa darasani, ila usimwambie mwenzako kwamba umeandikwa kwenye Torati. Fungua Walawi 19: mstari wa 18 ni mpende jirani yako kama nafsi yako, na mstari wa 19 unakataza nguo ya nyuzi za aina mbili. Zimekaa bega kwa bega, hazina lebo.

Msingi ulio imara zaidi ni Matendo 15. Mitume walikutana Yerusalemu juu ya watu wa mataifa waliomwamini Kristo, wakaamua wasitwikwe tohara na Torati nzima. Waliagizwa wajiepushe na vitu vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyonyongwa, na uasherati. Nguruwe hayumo. Wasabato wanasema mkutano ule ulihusu tohara, haukubadili vyakula, na wanaishi kulingana na usomaji huo. Sikubaliani nao, lakini angalau hawachagui kwa tumbo. Luther naye mwaka 1525 alihubiri kwamba Musa ni mtunga sheria wa Wayahudi. Kwetu amri zake zinafunga pale zinapolingana na yale yaliyoandikwa mioyoni mwa watu wote.

Mwana mkaidi wa Kumbukumbu 21 ni mgumu zaidi. Mwambie mwenzako asome utaratibu wake. Baba hana ruhusa ya kumwua mwanawe. Lazima yeye pamoja na mama wampeleke kwa wazee langoni. Marabi waliirundikia sheria hiyo masharti mengi, na katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, yamo maoni kwamba mwana wa namna hiyo hakuwahi kuwepo wala hatakuwepo, ingawa rabi mmoja papo hapo alidai amewahi kuketi juu ya kaburi lake. Na Yesu, alipoulizwa kuhusu hati ya talaka, alisema Musa aliiruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yenu, lakini tangu mwanzo haikuwa hivyo (Mathayo 19:8). Ugumu uleule wa Farao, sasa umo ndani ya Israeli, na sheria imetungwa ikiuzingatia. Nikimsoma Yesu hapo sioni kila agizo la Musa kuwa picha ya kile ambacho Mungu angependa.

Kuna swali moja mwenzako hajaliuliza, na akiendelea kusoma atalifikia. Kutoka 11:5 inataja pia mzaliwa wa kwanza wa mjakazi aliye nyuma ya jiwe la kusagia. Mjakazi huyo hakujadiliana na Musa wala hakukataa kumwachia mtu yeyote. Akikuuliza habari zake, usimjibu kwa hiari ya Farao, kwa sababu haimhusu. Niandikie tena, tulianze upya kutoka hapo.