Kumfariji mgonjwa kwa njia ya mtandao

SWALI: Mhariri, vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mafunzo yetu ya uchungaji wa hospitalini yalihamia mtandaoni. Je, yalitufaa kweli? – Mchungaji, Ilemela, Mwanza.

JIBU: Mchungaji, kwa sehemu kubwa yalifaa. Kiini cha mafunzo haya, yaliyoasisiwa Marekani na Anton Boisen mwaka 1925, ni tafakari: mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno, kisha wenzake na msimamizi humhoji, jambo linalowezekana hata kwa video, mradi jina la mgonjwa lifichwe na jamaa wa nyumbani wasisikie. Kilichopotea, nami nakisikitikia sana, ni ule ukimya wa kuketi kando ya kitanda. Nenda Hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, uombe msimamizi akupangie zamu za wodini.