Barua za Wasomaji: Onesho la Laivu, Gitaa Kavu na Roki ya Zamani

Barua za toleo hili zimeegemea upande mmoja: roki ya zamani, watunzi wa folki na bluzi wa Marekani, na namna ya kulifaidi onesho la laivu. Tumechagua sita.

SWALI: Mhariri, nilikata tiketi ya bei ya juu nikasimama mbele kabisa, karibu nimguse mpiga solo, lakini maneno ya nyimbo sikuyapata. Wenzangu waliokuwa nyuma walisikia kila kitu. Kosa ni la nani?

JIBU: Ni la mahali uliposimama. Spika kubwa za ukumbi huning'inizwa juu, kushoto na kulia kwa jukwaa, na huelekezwa kwa watu walio katikati na nyuma. Ukiwa mstari wa mbele, sauti hiyo inakupita juu ya kichwa. Unachosikia wewe ni ampu (vikuza sauti) za magitaa na drams zikikujia moja kwa moja kutoka jukwaani, na vyombo hivyo vina nguvu ya kutosha vyenyewe. Mwimbaji hana. Zamani ungeambulia sauti yake kutoka kwenye zile spika za sakafuni zinazomtazama yeye, lakini siku hizi waimbaji wengi huvaa vidude vya kusikilizia masikioni na spika hizo zimeondolewa. Kumbi nyingine huweka spika ndogo ukingoni mwa jukwaa kwa ajili ya watu wa mbele. Usipoziona, rudi nyuma.

Urudi hadi wapi? Mtafute fundi mitambo. Yeye huchanganya sauti kwa masikio yake, kwa hiyo kinachosikika kwenye meza yake ndicho bendi ilichokusudia. Simama mbele yake hatua tatu nne, au ubavuni mwake. Usijibanze kwenye ukuta wa nyuma, kwa sababu besi hurundikana kwenye kuta na kona. Wala usikae ndani sana chini ya roshani: sauti kali, ndizo zinazobeba konsonanti, hazifiki vizuri huko. Ukianza kusikia irabu tupu, k na t na s zimepotea, hapo si pa kukaa.

Besi ina vituko vyake. Spika za besi zikipangwa rundo moja kushoto na jingine kulia, aliye katikati kabisa hupokea mawimbi ya pande zote mbili kwa pamoja, yakajumlishana. Wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7. Ukisogea pembeni mpaka rundo moja likawa mbali kuliko jingine kwa mita 3 na nusu, wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, na noti hiyo inapwaya. Watu humlaumu mpiga besi bure. Sogea hatua mbili tatu kando, itarudi.

Kwenye viwanja vya wazi kuna jambo moja zaidi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 100 kutoka jukwaani huipata ikiwa imechelewa karibu theluthi ya sekunde. Ndiyo maana husimikwa minara ya spika katikati ya uwanja, na sauti yake hucheleweshwa makusudi ili iende sambamba na ile ya jukwaani. Ukiwa mbali, simama upande ambao spika za mnara zinakutazama. Ukiwa nyuma ya mgongo wake utasikia kila pigo la drams mara mbili.

SWALI: Kwa nini spika zisiwekwe nyuma ya bendi, ili wanamuziki na watazamaji wasikie kitu kimoja?

JIBU: Kwa sababu maiki itaisikia spika, spika itairudishia maiki, na ule mluzi wa kukera utaanza. Hata hivyo Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, walijaribu mwaka 1974, kwa mtambo uliokuja kuitwa Ukuta wa Sauti. Spika zote zilipangwa nyuma yao hadi juu, kila chombo na spika zake. Mluzi waliuzuia kwa ujanja huu: kila mwimbaji alipewa maiki mbili, moja juu ya nyingine, zimeunganishwa kinyume. Sauti ya ukuta iliingia zote mbili kwa usawa, ikajifuta. Mwimbaji aliimba kwenye ya juu peke yake, sauti yake ikapona.

Gharama yake ilikuwa sauti nyembamba ya kuimba, na aliyeuondoa mdomo kwenye maiki kidogo tu alipotea. Mtambo ulikuwa mzito na wa bei kubwa mno kusafirisha, na mwaka huohuo ukaachwa. Lakini hatua hiyo si ndogo. Miaka tisa kabla yake, tarehe 15 Agosti 1965, Beatles walipiga mbele ya watu zaidi ya 55,000 kwenye uwanja wa Shea, New York, kwa ampu za wati 100 na spika za uwanja zilizokuwepo kwa matangazo ya mechi. Kelele za mashabiki ziliwazidi.

SWALI: Kila nikitoka kwenye onesho la roki masikio yanavuma hadi asubuhi. Nikivaa viziba masikio, muziki unakuwa kama unapigwa chumba cha pili. Nifanyeje?

JIBU: Uvumi huo ni dalili kwamba sikio limezidiwa. Kipimo kinachotumika sana kwa wafanyakazi ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Onesho la roki hufika 100 bila shida, likaendelea hapo saa mbili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani ukumbini usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15.

Viziba vya povu vinafaa, ila wengi huviweka vibaya. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila makunyanzi. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kisha kiingize na kukishikilia kwa kidole kama sekunde 30. Ukikiachia mapema kitatanuka mlangoni mwa sikio, na hapo ni pambo tu. Kikikaa sawasawa, sauti yako mwenyewe itakuwa nzito kichwani unapozungumza.

Ule ufifio unaoulalamikia unatokana na povu kukata sauti za juu kuliko besi. Tafuta viziba vya wanamuziki, vyenye kichujio, ambavyo hupunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, desibeli 10 hadi 20 kutegemea kichujio. Maneno utayapata. Vivae kabla ya wimbo wa kwanza, si baada ya sikio kuuma. Pamba na karatasi laini havisaidii kitu. Uvumi ukipita siku mbili, muone daktari. Sikio moja likizima ghafla, nenda siku hiyohiyo.

SWALI: Nimehimizwa kuwasikiliza watunzi wa folki na kantri ya kale. Kwa heshima zote, naona ni mtu mmoja, gitaa kavu moja, na wimbo uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ninachokosa ni nini?

JIBU: Anza na kidole gumba. Carter Family, kundi la kantri la ukoo mmoja, walirekodi mara ya kwanza Agosti 1927 katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Maybelle Carter alipiga melodia kwa gumba kwenye nyuzi nene, huku kidole cha shahada kikipapasa nyuzi nyembamba kushika mdundo. Ukiufuata uzi mnene peke yake kwa wimbo mzima utagundua kwamba gitaa linaimba, na kwamba "mpigaji wa pili" uliyedhani yupo ni mkono uleule.

Baada ya hapo wasikilize Gillian Welch na David Rawlings, magitaa mawili bila drams. Welch hushika kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) na sehemu ya chini. Rawlings, kwenye gitaa dogo la Epiphone la mwaka 1935, hupanda juu na kuchomeka noti ambazo hazimo kwenye kodi ya mwenzake, halafu huzifungua zikarudi nyumbani. Utamu wote uko kwenye mvutano huo mfupi, na anayepiga soga ukumbini haupati.

Kuhusu melodia kufanana: una haki, zinafanana. Woody Guthrie alichukua mara nyingi tuni zilizokwisha kujulikana na kuzivika maneno mapya. Msikilizaji asiyehangaika na tuni hubaki huru kuyafuata maneno, na maneno ndiyo kazi. Kwa John Prine, ambaye albamu yake ya kwanza ilitoka 1971, angalia kiitikio: mara nyingi hakibadiliki hata neno, lakini ubeti uliokitangulia umeongeza habari, kwa hiyo mara ya tatu kinauma pale ambapo mara ya kwanza kilichekesha.

Kwa albamu moja tu, chukua ile ya Townes Van Zandt iliyorekodiwa Julai 1973 katika klabu ya Old Quarter, Houston, ikatoka 1977. Mtu, gitaa na chumba. Isikilize mara moja ukiwa na mashairi mkononi, kisha mara moja bila mashairi. Usiweke zaidi ya nyimbo tano kwa kikao. Hapo tunakubaliana nawe, zinachosha zikifuatana mno.

SWALI: Nasikia roki yote ni bluzi iliyoongezwa sauti. Nitaitambuaje?

JIBU: Si yote, ila nyingi. Hesabu moja hadi nne; hiyo ni baa moja. Baa 12 ndiyo duru. Kwenye ufunguo wa E (E, A na B ni majina ya kodi) mpango wa kawaida ni baa 4 za E, 2 za A, 2 za E, 1 ya B, 1 ya A, 2 za E, kisha unaanza upya. Sikio likishazoea kuruka kwenda A kwenye baa ya tano, hutapotea tena hata solo ikienda dakika kumi.

Ukijaribu hesabu hiyo kwa Robert Johnson, mwanabluzi wa zamani, itakugomea. Alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas 1937, na kwa kuwa alikuwa peke yake aliongeza au kupunguza mapigo alivyopenda. Bendi ya watu watatu haiwezi kuishi hivyo. Cream, bendi ya roki ya watu watatu, walipoupiga wimbo wake "Cross Road Blues" katika ukumbi wa Winterland, San Francisco, Machi 1968, waliunyoosha ukawa baa 12 kamili. Weka rekodi hizo mbili pamoja na utasikia hasa kilichopatikana na kilichopotea. Sisi tunaona kilichopotea si kidogo.

SWALI: Albamu zilizoandikwa "laivu" ni laivu kweli?

JIBU: Inategemea. Bendi ya The Who walirekodi Chuo Kikuu cha Leeds tarehe 14 Februari 1970, na kwenye lebo ya santuri wakaandika kwamba mikwaruzo inayosikika isirekebishwe. Bendi ya Thin Lizzy, kwa albamu yao ya laivu ya 1978, hadi leo kuna ubishi: prodyuza Tony Visconti alisema sehemu kubwa ilirekodiwa upya studio, bendi ikapinga. Mwimbaji Neil Young alifanya kinyume mwaka 1979: alichukua rekodi za maonesho, akaondoa sehemu kubwa ya kelele za watu na kuongeza vyombo, upande wa kwanza gitaa kavu, wa pili umeme mtupu.

Dalili tunayoiamini zaidi iko katikati ya mistari ya kuimba. Jukwaani, maiki ya mwimbaji hunasa pia matoazi ya drams yaliyo nyuma yake. Akinyamaza, fundi akaishusha maiki, matoazi nayo hubadilika kidogo. Sauti ikiwa safi kabisa, bila chembe ya drams ndani yake, huenda iliimbwa siku nyingine. Hesabu pia waitikiaji: bendi ya waimbaji wawili haitoi sauti nne.