Jibu: Kwa nini S_FALSE haionekani kwenye C#

Ndugu, umeuliza kwa nini metodi ya Next uliyoitangaza kwenye C# kama void haikuambii orodha imeisha, ilhali upande wa COM (mfumo wa Microsoft wa kuunganisha vipande vya programu) inarudisha HRESULT, yaani kodi ya matokeo.

CLR, injini inayoendesha programu za .NET, ndiyo inayoimeza HRESULT hiyo. HRESULT ni namba ya biti 32. Biti ya juu kabisa ikiwa 1, hilo ni kosa, na CLR inakurushia eksepsheni (taarifa ya kosa inayokatiza programu). 0x80004002, kwa mfano, inakufikia kama InvalidCastException, na kodi ya kosa ambayo CLR haiijui inakuja kama COMException.

Sasa S_FALSE ni 1, yaani inahesabika kama mafanikio. Eksepsheni hairushwi, na wewe huioni kabisa. Next hutumia hiyo hiyo kusema vitu vimepungua kuliko ulivyoomba.

Weka atributi ya PreserveSig (inayoiambia CLR ikuachie HRESULT kama ilivyo) juu ya metodi, badili void iwe int, kisha linganisha jibu na 0 (mafanikio kamili) mwenyewe. Lakini tafadhali usiishie hapo: kuanzia sasa makosa nayo yatapita kimya, kwa hiyo lipeleke jibu kwa Marshal.ThrowExceptionForHR. Namba hasi, yaani yenye biti ya juu 1, itarusha eksepsheni, 1 itapita salama. Metodi yenye retval (kigezo ambacho COM hukitumia kurudisha thamani) ukiifanyia hivi, retval hiyo itangaze kama kigezo cha out, kiwe cha mwisho.